Kengeleni haikuzaliwa na daraja

Makala moja inasema Kengeleni, Mombasa, ilianza kukua baada ya Daraja la Nyali la 1980. Hapana. Mizizi yake ni Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana) mnamo 1875 na kupewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa. Kengele iliyolipa eneo jina ilikuwa king'ora chao: ikilia, wavamizi wanaosaka watumwa wameonekana. Daraja la kwanza la Nyali, la kuelea, lilikuja 1931. Hilo la 1980 liliongeza kasi tu, na nyumba zikaongezeka haraka kuliko mabomba ya maji, watu wakategemea visima. Ardhi ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama sifongo. Kisima kikikaribiana na shimo la choo, uchafu hupenya. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi nayo hupanda.