Meno ya Mtoto na Uongo wa Baba

Mwaka 1837 Edwin Saunders, daktari wa meno wa London, aliwakagua watoto zaidi ya 1,000 na kutoa hoja kwamba ukitaka kujua umri wa mtoto, mtazame kinywani, kimo kitakudanganya. Walengwa walikuwa watoto wa viwanda vya nguo. Sheria ya Uingereza ya 1833 ilikataza kuajiri wenye chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya aina hiyo, na waliokuwa chini ya 13 wasizidi saa 9 kwa siku. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo: serikali ilianza kusajili vizazi huko England mwaka 1837 huohuo. Daktari alimwangalia mtoto, akakisia. Baba naye alishikilia kuwa mwanawe ametimiza umri wa kazi.

Ni rahisi kumlaani baba huyo. Nami nilimlaani, mpaka nilipofuatilia ujira ulikuwa unatoka mfuko gani kwenda mfuko gani.

Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa England, msokotaji alilipwa kwa kiasi cha uzi, na watoto wa kumsaidia mara nyingi aliwalipa mwenyewe. Kigari cha mashine ya kusokota hutoka kikivuta mamia ya nyuzi, kisha hurudi. Uzi ukikatika, mtoto anauunga kwa vidole huku kigari kikitembea. Aliye mdogo zaidi anatambaa chini kuzoa pamba iliyodondoka, na lazima ainame sana kigari kisimkute. Msokotaji akimweka mtoto wa jirani, fedha inatoka nyumbani. Akimweka wake, inabaki, na angalau yuko machoni pake. Kwa mfumaji wa mkono hali ilikuwa mbaya zaidi: mashine zilikuwa zimeporomosha ujira wake, na pengine kiwanda kilimtaka binti yake kuliko yeye.

Tena picha ya kutisha kuliko zote, ya watoto waliofungiwa kazi kwa miaka kadhaa wakilala katika nyumba ya kiwanda kama ile ya kiwanda cha pamba cha Quarry Bank iliyojengwa 1790, haiwahusu wazazi hawa. Wengi wa watoto wale walikuwa yatima na fukara waliotolewa na parokia, yaani mitaa ya kanisa iliyowajibika kutunza maskini wake, zilizotaka kupunguza mzigo wa kuwalisha. Hilo husahaulika mno.

Wanamageuzi waliopigania kupunguza saa za watoto viwandani walikuwa na haki yao, sikatai. Elizabeth Bentley aliiambia kamati ya Bunge mwaka 1832 kwamba alianza akiwa na miaka 6 katika kiwanda cha kitani Leeds, na kazi ikipamba moto ni saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku. Aliyelegea alichapwa mkanda. Mwili wake ulipinda. Wenye viwanda walilalamika kwamba kamati ile ilisikiliza upande mmoja, na kweli ilikuwa na kasoro, lakini mgongo uliopinda haunyooki kwa hoja ya utaratibu.

Ila sheria iliyofuata, ile ya 1833, ilipunguza saa za mtoto bila kugusa mshahara wa baba, na wakaguzi wa kuisimamia nchi nzima walikuwa 4. Mwaka 1844 Bunge likaigeuza: saa za mtoto zikashuka hadi 6 na nusu, apate kwenda shule. Na umri? Ukashuka kutoka miaka 9 hadi 8. Baba aliyekuwa akimwongezea mwanawe mwaka mmoja mbele ya daktari hakuhitaji tena kudanganya.