Nuru ya Krismasi si jua la Desemba

Kila Desemba, taa za rangi zikianza kumetameta madukani, hoja mbili hurudi. Moja inasema nuru ya Krismasi ni jua la Warumi lililobatizwa. Nyingine, ambayo nimeisikia hata kwa Wakristo waaminifu, inasema nuru hiyo ni ya Wazungu: wao wana baridi na giza, sisi tuna jua la kuchoma, sasa mishumaa ya nini?

Hoja ya kwanza ina mashiko. Kaisari Aurelian alimjengea mungu-jua hekalu Roma mwaka 274, na kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaweka sikukuu ya Jua Lisiloshindwa na kuzaliwa kwa Kristo katika tarehe moja. Karne iliyofuata Papa Leo wa Kwanza aliwakemea waumini waliopanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, kisha wakageuka kuliinamia jua. Upande wa pili, wapo Wakristo wa kale walioamini Yesu alitungwa mimba 25 Machi. Ongeza miezi tisa, unafika 25 Desemba bila kupitia kwa Aurelian. Wanahistoria bado wanabishana, nami siwezi kuwaamulia.

Hoja ya pili ndiyo inayoninyima raha. Tazama urefu wa mchana. Siku ya Krismasi London haifikishi saa 8 za mchana. Bethlehemu ni saa 10 hivi. Dar es Salaam ni saa 12 na nusu, na hiyo ndiyo michana yetu mirefu kuliko yote ya mwaka. Krismasi ikishapita, jua la London linaanza kurudi, la kwetu linaanza kupungua! Kama nuru tunayoiimba ingekuwa ni jua linalorejea, basi Mkristo wa Dar, wa Rungwe au wa Lubumbashi angekuwa anaipokea kwa shangwe siku zile zile inapomponyoka. Ni dakika chache tu, hakuna anayezihisi, lakini zinatosha kuonyesha kwamba tumeitafuta maana mahali pasipo pake. Agostino, askofu wa Kanisa la kale, aliupenda mfano wa mchana unaoanza kukua, na kwa watu wa kaskazini ulikuwa mfano mzuri. Uondoe, na sikukuu inabaki nzima.

Luka hazungumzii majira. Anazungumzia wachungaji waliokuwa zamu usiku, na utukufu wa Bwana ukawang'aria pande zote, wakaingiwa na hofu kuu. Yeyote aliyewahi kulinda usiku anajua mwanga wa ghafla unavyomshtua mtu. Na Isaya, anaposema watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu, anataja Zabuloni, Naftali na Galilaya, nchi iliyovamiwa na Waashuri na watu wake wakachukuliwa mateka. Mistari michache mbele kuna mavazi yaliyolowa damu yakitupwa motoni. Giza hilo ni la vita na kuonewa. Nani atasema hilo ni la Wazungu peke yao?

Kwa hiyo sioni aibu juu ya mshumaa, hata kama ulitoka Ujerumani. Krismasi ya mwaka 1747, huko Marienborn, Wamoraviani waliwapa watoto mishumaa midogo iliyofungwa utepe mwekundu, ishara ya damu ya Kristo, ili kila mtoto aende nyumbani na mwali wake. Kanisa hilo hilo lilifika Rungwe mwaka 1891. Zile taa za madukani ni habari nyingine. Sina ugomvi nazo, ila hazijanieleza kitu.

Mkesha wa mwaka jana, kanisani kwetu Dar, taa zilizimwa na mshumaa mmoja ukawashwa madhabahuni, moto ukaanza kupita mkono kwa mkono. Mishumaa ya safu za katikati ikawa inazimika kila ikiwashwa. Mzee wa kanisa akatazama juu, akaenda ukutani akazima feni zote. Joto likatushukia papo hapo. Msichana mdogo mbele yangu alikuwa ameukinga wake kwa kiganja, nta inamdondokea kwenye kikaratasi, jasho linamtiririka shingoni. Tuliimba beti zote, na hakuna aliyeomba feni ziwashwe.