Mshipa, Ngiri au Busha: Mnakili Aandike Lipi?

Mzee mmoja wa Micheweni, katika mahojiano niliyopewa niyatoe kwenye sauti na kuyaweka katika maandishi, anasema: "Mshipa umenishuka tokea ujanani." Sentensi ni fupi, lakini mnakili hukwama papo hapo, kwani neno mshipa huko Pemba hubeba ngiri, hubeba busha, na bado ni mshipa wa damu.

Wapo wanaotaka neno hilo libadilishwe palepale kuwa la kitabibu, na hoja yao ina uzito. Busha ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani, na hapa Visiwani chanzo chake kinachojulikana sana ni minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, ambayo Zanzibar ilianza kuikabili kwa kugawa dawa kwa umma mwaka 2001. Ngiri ni utumbo uliopenya mahali palipolegea katika ukuta wa tumbo, na ukibanwa huko hata ukakosa damu, mgonjwa hana budi kupasuliwa haraka. Anayehesabu athari za matende, akikutana na mshipa mtupu, hajui mzee huyu amtie katika hesabu au amwache.

Wengine husema kazi ya mnakili ni sikio, si uganga. Naegemea huku, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Dakika chache baadaye mzee yuleyule anaongeza: "Nikilala hurudi." Hiyo ni dalili ya ngiri, na aliyekwisha kuandika busha hapo mwanzo atakuwa amemlisha mzee maneno. Hata hivyo dalili hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu ngiri iliyobanwa hairudi, na kwa watoto wadogo lipo busha ambalo hupungua mtoto akilala.

Kwa hiyo huliacha neno mshipa kama lilivyotamkwa, na pembeni nikaandika dakika ya sauti pamoja na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, ili daktari asikilize na aamue. Niliwahi kufanya kinyume: niliiamuru kompyuta igeuze kila mshipa kuwa busha, na katika ukurasa wa tatu nikamkuta bibi mmoja analalamikia busha wa shingo.