Shamba Likikua, Kijiji Kinahama

Ndugu zangu wa Hanang, Tanzania, wakipiga simu lazima waulize: ni kweli huko Saskatchewan, jimbo la Kanada ninakoishi, mtu analima maelfu ya ekari, yeye na mkewe na kijana mmoja tu? Ni kweli. Wastani wa shamba hapa umepita ekari 1,700, na wapo wenye mara kumi ya hizo. Wao wanasikia utajiri. Mimi nikipita kwenye nyanda hizi naona ukumbi uliopigwa mbao madirishani, shule isiyo na mtoto na kanisa linalofunguliwa kwa mazishi tu.

Serikali ya Kanada iliwatawanya watu wake kwa makusudi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ilimpa mhamiaji ekari 160 kwa ada ya dola 10, ila ilimtaka ajenge na kuishi kwenye kipande chake hichohicho kwa miaka mitatu. Nyanda zote zikachorwa miraba ya maili moja kwa maili moja, na jirani akawa mbali. Wadukhobori, Wakristo wa madhehebu ya pekee waliotoka Urusi mwaka 1899, walitaka kukaa vijijini na kulima kwa pamoja, na wengi wao walipokataa kuandikisha ardhi mmoja mmoja walinyang'anywa. Kwetu ilikuwa kinyume kabisa. Babu yangu alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ili akae karibu na wenzake, naye alilalamika hadi anakufa. Lakini msiba ukitokea kwetu, hakuna anayehitaji gari kufika.

Pamoja na utawanyiko huo, wakulima hawa walijua kushikamana. Mwaka 1924 waliunda Saskatchewan Wheat Pool, ushirika wa kuuza ngano, na maghala yake marefu ya mbao yakasimama kando ya reli mji baada ya mji. Manispaa za vijijini zilikuwa zikichangishana kodi kumlipa daktari miongo mingi kabla jimbo halijaanza matibabu ya bure kwa wote mwaka 1962. Madaktari waligoma siku 23, mpango ukabaki, na baadaye Kanada nzima ikaufuata. Watu wa mashambani ndio waliouanzisha, si wasomi wa Toronto. Hili nalipenda mno kuwasimulia wenzangu wanaodhani ushirika ni mambo ya kimaskini.

Kwetu vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976. Hapa wanachama wenyewe walikubali chama chao kiingie soko la hisa mwaka 1996. Sijui kipi kinauma zaidi.

Mwaka 1931 Saskatchewan ilikuwa na watu zaidi ya 921,000, jimbo la tatu Kanada kwa wingi wa watu. Ukaja ukame wa miaka ya 1930, kisha kombaini, kisha reli ndogo zikang'olewa na maghala ya mbao yakabomolewa. Kila mkulima aliyeuza shamba, jirani yake ndiye aliyelinunua. Watoto wakipungua shule inafungwa. Shule ikifungwa, kijana mwenye familia naye anaondoka. Mwaka 1993 hospitali 52 za vijijini zilifungwa au kugeuzwa vituo vya afya. Leo karibu nusu ya watu wote wa jimbo wako Saskatoon na Regina, nami ni mmoja wao.

Na kabla ya wahamiaji hao palikuwa na wenyewe: Wacree na wenzao, waliotia saini mikataba ya 1874 na 1876 nyati wakiwa wanaisha na njaa inawabana. Walifungiwa kwenye maeneo waliyotengewa, na baada ya 1885 hata kutoka nje walitakiwa kibali cha afisa wa serikali.

Watu wa Hanang hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Miaka ya 1970 na 1980 Kanada ililipia mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kule Basotu wilayani Hanang, kwa mashine na kilimo cha nyanda hizihizi. Ekari zipatazo 100,000 zikachukuliwa, malisho bora ya Wabarbaig, wafugaji wa huko, yakiwemo, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata. Mashine zilipochakaa na fedha za wafadhili kukatika, ngano nayo ikayumba.

Kwa hiyo mtu wa Dodoma anaposifia mwekezaji mwenye ekari elfu ishirini, mimi huuliza mashamba hayo yataajiri wangapi msimu wa mavuno ukiisha, na ng'ombe watapita wapi. Baadhi ya ardhi ya Basotu baadaye iligawiwa wanavijiji, vipande vidogovidogo vya mahindi na maharage. Wataalamu walisikitika. Kwa maoni yangu wangegawa yote.