Ubingwa wa mteremko? Durant, LeBron na heshima ya mchezaji anayehamia kwa mastaa

Kevin Durant ana pete mbili za ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani ambako kila bingwa huvishwa pete, na bado wapo vijana hapa Dodoma wanaokataa kumhesabia hata moja. Pita jioni kwenye uwanja wowote wa kikapu mjini, umtaje Durant, na kabla hujamaliza sentensi kuna atakayekukatisha: "Yule alidandia tu." Wanaosema hivyo si watu wa kusikia habari mitaani. Ni vijana wanaoamka saa tisa usiku kuwahi mechi za fainali, kisha asubuhi wanaingia darasani UDOM au wanafungua biashara Majengo. Wanaujua mchezo, na ndiyo maana hoja yao haifai kupuuzwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2016 Durant alikuwa Oklahoma City Thunder. Kwenye fainali ya Kanda ya Magharibi ambako wa kwanza kushinda mechi nne ndiye anayepita, Thunder waliongoza 3-1 dhidi ya Golden State Warriors, wakabakiza ushindi mmoja tu, halafu wakapoteza mechi tatu mfululizo. Tarehe 4 Julai mwaka huohuo Durant akatangaza kwamba anahamia kwa walewale waliomtoa. Warriors walikuwa wametoka kushinda mechi 73 na kupoteza 9 katika msimu wa kawaida, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Walikuwa tayari na Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green. Juu ya hao akaongezwa mtu ambaye mwaka 2014 alikuwa Mchezaji Bora wa ligi nzima. Mwaka 2017 wakapita hatua za mtoano kwa kushinda mechi 16 na kupoteza moja.

Wanaomlaumu wana jambo moja ambalo watetezi wa Durant hulikwepa. Kikapu ni mchezo wa watu watano. Staa anacheza takriban dakika 40 kati ya 48 kwenye mechi kubwa, anashambulia na kuzuia, na mpira unapita mikononi mwake karibu kila mara timu inaposhambulia. Kwenye soka, Clatous Chama alipotoka Simba kwenda kwa mahasimu wao Yanga mwaka 2024, kelele zilikuwa nyingi na maneno ya usaliti yalisemwa, lakini hakuna aliyedai kwamba kwa mtu huyo mmoja ligi imekwisha kabla ya kuanza. Yanga ilikuwa imechukua ubingwa misimu mitatu mfululizo bila yeye, na uwanjani angekuwa mmoja kati ya 11. Kwenye kikapu hesabu ni nyingine kabisa. Timu yenye ushindi 73 ikiongezewa mmoja wa wafungaji bora watatu wa dunia, ushindani unakufa, na shabiki aliyeamka usiku wa manane ana haki ya kuuliza kilichobaki cha kutazama ni nini.

Halafu kuna miaka iliyofuata, ambayo kwangu ni ushahidi mzito kuliko uhamisho wenyewe. Warriors walichukua ubingwa mwaka 2015 kabla Durant hajafika. Wakachukua tena mwaka 2022 akiwa ameshaondoka, na Curry akawa Mchezaji Bora wa fainali. Thunder aliowaacha wamekuwa mabingwa mwaka 2025 wakiwa na kizazi kingine kabisa, chini ya Shai Gilgeous-Alexander. Yeye Durant, nje ya ile misimu mitatu ya Golden State, hajashinda pete popote, si Brooklyn wala Phoenix. Mtu akipanga hizo tarehe kwenye mstari mmoja, inaonekana kama timu zote zilizomzunguka zimeweza kushinda bila yeye, na yeye hajaweza bila wao.

Mimi nayakubali hayo yote. Ninachokikataa ni neno "alidandia", kwa sababu anayedandia hubebwa, na Durant hakubebwa. Rudi kwenye mechi ya tatu ya fainali ya 2017, mjini Cleveland. Imebaki chini ya dakika moja na wenyeji, Cleveland Cavaliers, wanaongoza 113-111. Kyle Korver anarusha pointi tatu kutoka kona, anakosa. Ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya kukosa, anaichukua Durant mwenyewe. Hampasii Curry, hasubiri kocha aombe mapumziko. Anaudunda mpira hadi upande wa pili, LeBron James, staa wa Cavaliers, anarudi nyuma akimzuia, na Durant anasimama ghafla nje kidogo ya mstari wa pointi tatu na kurusha juu ya mkono wa LeBron. Unaingia. 114-113. Cavaliers hawakupata pointi nyingine, mechi ikaisha 118-113 na fainali ikawa 3-0. Katika fainali hiyo Durant alipata wastani wa pointi 35.2 kwa mchezo, akatajwa Mchezaji Bora wa fainali, na mwaka uliofuata akatajwa tena. Timu iliyojaa mastaa ilipohitaji kikapu kimoja cha kuua mchezo, mpira ulikuwa kwake. Huo si mteremko.

LeBron ndiye mfano ambao kila upande huuvutia kwake. Julai 2010 alikaa mbele ya kamera za televisheni akatangaza kwamba anaondoka Cleveland, timu ya mkoa aliozaliwa, anakwenda Miami Heat kuungana na Dwyane Wade na Chris Bosh. Jezi zake zilichomwa moto. Mwaka uliofuata wakafika fainali wakafungwa na Dallas Mavericks ya Dirk Nowitzki, LeBron akiwa na wastani wa pointi 17.8 tu. Wakati ule ulikuwa ukimsikiliza mtu yeyote angekwambia jina la LeBron limeharibika moja kwa moja. Ubingwa wa 2012 na 2013 ulipunguza maneno lakini haukuyamaliza. Kilichoyamaliza ni Juni 2016, alipokuwa amerudi Cleveland, akaitoa timu nyuma ya 1-3 na kuwapiga Warriors walewale wa ushindi 73. Hakuna timu nyingine iliyowahi kufanya hivyo kwenye fainali za NBA. Leo huwezi kukuta mtu makini anayeanza hadithi ya LeBron kwa kusema alikimbilia Miami.

Tofauti ya hao wawili haiko kwenye idadi ya mastaa waliowakuta. Miami ya msimu wa 2009/10 ilishinda mechi 47 na kutolewa raundi ya kwanza. LeBron alikwenda kuijenga. Durant alikwenda kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa, tena ya jirani aliyempiga wiki chache kabla. Hapo ndipo naona kosa, kama ni lazima tuliite kosa. Angehamia Boston au Miami mwaka ule, nadhani mabishano haya yasingekuwepo kabisa.

Lakini nina swali kwa wenye hasira na wachezaji wanaohama. Mwaka 2012 Thunder walikuwa na Durant, Russell Westbrook na James Harden kikosi kimoja, wote vijana, wote wamepatikana kwa uteuzi wa wachezaji chipukizi, na walifika fainali. Wote watatu baadaye wamekuwa Wachezaji Bora wa ligi: Durant 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Kikosi hicho kilivunjwa na nani? Oktoba 2012 uongozi ulimuuza Harden kwenda Houston baada ya kushindwana kwenye mkataba. Durant alikuwa na timu ya mastaa nyumbani kwake, ofisi ikaibomoa, na miaka minne baadaye alipoitafuta kwingine ndipo tukakumbuka uaminifu. Boston nao mwaka 2007 walimleta Ray Allen na Kevin Garnett kwa mabadilishano ili wakae na Paul Pierce, wakachukua ubingwa wa 2008. Nani umewahi kumsikia akisema pete ya Garnett ni ya mteremko? Amehamishwa na viongozi, kwa hiyo ni sawa. Mchezaji akijihamisha mwenyewe kwa hiari yake, mkataba wake ukiwa umekwisha, anaitwa msaliti. Kipimo hicho kinampendelea mwenye timu na kumwonea mwenye jasho, na sioni sababu ya sisi huku kukibeba.

Tena tumsikilize mchezaji. Miaka yote ya kazi yake anaambiwa kwamba mkubwa ni mwenye pete. Charles Barkley, staa wa zamani, anakumbushwa kila siku kwamba hana. Anayebaki mahali pamoja bila pete anaitwa asiye na njaa ya kushinda, anayeifuata anaitwa mdandiaji. Wilt Chamberlain alihamia Lakers mwaka 1968 kwa Jerry West na Elgin Baylor, wakafungwa na Boston kwenye fainali ya 1969, na ubingwa ukaja 1972 tu. Hakuna anayemkumbuka kwa kuhama huko. Karl Malone na Gary Payton nao walikwenda Lakers mwaka 2003 uzeeni, wakapigwa 4-1 na Detroit, na majina yao yamebaki pale yalipokuwa.

Msimamo wangu basi ni kwamba kuhamia kwa mastaa hakumpunguzii mchezaji alichokuwa nacho. Kunashusha bei ya atakachokipata baadaye. Pete ya 2017 ni halali, lakini nikiipima na ile ya Giannis Antetokounmpo, aliyebaki Milwaukee na kufunga pointi 50 kwenye mechi ya mwisho ya fainali ya 2021, siwezi kuziweka sawa. Mchezaji anaweza kulirudisha hilo pengo kama alivyofanya LeBron. Durant alikaribia sana. Juni 2021, mechi ya saba kati ya timu yake ya wakati huo, Brooklyn, na Milwaukee, wenzake Kyrie Irving hayupo kwa majeraha na Harden anachechemea. Ikiwa imebaki sekunde moja, Durant aligeuka na kurusha juu ya P.J. Tucker. Mpira ukaingia na kila mtu akadhani ni pointi tatu na Milwaukee wamekwisha. Marudio yakaonyesha ncha ya kiatu chake imekanyaga mstari. Pointi mbili, 109-109, muda wa nyongeza, wakapoteza 115-111. Alicheza dakika zote 53 na kufunga 48. Milwaukee ndio waliokuja kuwa mabingwa mwaka ule. Kiatu kile kingekuwa sentimita chache nyuma, leo tungekuwa tunabishana habari nyingine.

Naandika haya kwa sababu lawama hii imeshuka hadi kwetu. Kijana wa Dodoma aking'ara kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, au mashindano ya vyuo, kisha akaitwa na klabu kubwa ya Dar es Salaam yenye wachezaji wa timu ya taifa, wenzake wanamwambia anakimbia, abaki aijenge timu ya nyumbani. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, Dar imekuwa safari ya saa chache, na vishawishi vimeongezeka. Ila kumpima kijana huyo kwa kipimo cha Durant ni kumkosea. Durant aliacha timu yenye kila kitu. Mchezaji wa kwetu mara nyingi anaacha timu ambayo viatu anajinunulia mwenyewe, nauli ya kwenda mechini ni ya kuchangishana, na kocha anakuja baada ya kazi nyingine. Kwake timu ya mastaa ndiyo pengine timu pekee yenye mazoezi ya kila siku na wapinzani wanaomlazimisha akue.

Hatari yake iko kwenye kusugua benchi. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, aliteuliwa wa pili kwenye uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi yake. Dakika zikawa chache, na msimu huohuo wa kwanza akapelekwa ligi ya chini. Baadaye alivaa jezi moja na Durant mwenyewe pale Oklahoma City, akiwa mchezaji wa akiba. Sisemi Gasol ndiye sababu pekee, mchezo wake ulikuwa na upungufu uliojulikana. Lakini mtu mrefu aliyeanza kikapu akiwa amechelewa anahitaji dakika za mechi kuliko kitu kingine chochote, na pale hazikuwepo.

Kwa hiyo kijana akiitwa Dar, amuulize kocha anayemwita: nani anacheza nafasi yangu, ana umri gani, na mimi nitapata dakika ngapi msimu huu? Kama nafasi imeshikwa na mtu wa timu ya taifa mwenye miaka 23, abaki Dodoma acheze dakika 40 msimu mmoja zaidi. Kama kuna dakika 15 za uhakika nyuma ya mkongwe atakayemfundisha kazi, apande treni aende, na wanaomwita mdandiaji waje kumtazama akicheza.