Ukuta Haukaliwi

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba rangi yenyewe ilikuwa nzuri. Ukutani imetulia hadi leo, laini, haina doa, na hakuna mgeni aliyewahi kuilalamikia. Yaliyotokea kwenye samani ni mambo ya samani, na nimeshamweleza mke wangu hivyo mara nyingi mpaka siku hizi ananijibu kwa kutoka chumbani.

Tulikuwa tumemaliza kupaka sebule. Fundi alitukadiria ndoo kubwa kuliko chumba. Lita moja ya rangi ya maji huenea mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na sebule yetu si uwanja wa mpira, kwa hiyo zaidi ya nusu ndoo ilibaki. Rangi ya maziwa, isiyong'aa. Mke wangu akasema tuifunike vizuri, itatufaa watoto wakichora ukutani. Jibu la mtu asiye na maono.

Mimi nilikuwa nimeshaziona samani. Sebule mpya ilikuwa inang'aa kama mbingu ya asubuhi, halafu katikati yake kumesimama viti vya vanishi nyeusi, meza ndogo iliyolika juu mpaka mbao inaonekana, na, ukitupa macho jikoni kupitia mlangoni, kabati la vyombo ambalo baba mkwe alitupa zawadi tulipooana. Kabati zito, la mahogani, la rangi ile ya kahawia inayofanya chumba kizima kionekane kina madeni. Nikajiuliza: ukuta ni kitu kikavu kilichosimama, na kabati ni kitu kikavu kilichosimama. Tofauti iko wapi?

Mke wangu akaenda kumtembelea dada yake, akalala huko. Nikaona Mungu amefungua mlango.

Msasa nilikuwa nao. Ulikuwa kwenye sanduku la zana, mpya, na niliuacha uendelee kuwa mpya. Kupiga msasa kitu ambacho tayari ni laini niliona ni kukikosea adabu. Nilichukua kitambaa, nikafuta vumbi, nikachovya brashi.

Mkono wa kwanza rangi ilileta maringo. Badala ya kutandaa, ilijikunyata, ikajikusanya vitone vitone, sehemu nyingine ikawa inaniteleza kabisa na kuniachia mistari ya brashi juu ya vanishi. Mtu mwenye moyo mwepesi angesimama hapo akajiuliza maswali. Mimi nilipiga mkono wa pili, mzito, na rangi ikanyooka. Nilipaka viti, nikapaka meza, nikapaka kabati nje, nikapaka kingo za milango, nikapaka hata ndani ya fremu mahali milango inapokutana nayo, kwa sababu sipendi kazi nusunusu. Baada ya muda mfupi nikagusa kwa kidole. Kavu. Nikarudisha vyombo kabatini, nikasukuma droo, nikafunga milango yote ikae vizuri.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni akatazama huku na huku. Akasema, "Imependeza."

Neno hilo nimelihifadhi. Binti yetu alikuwepo, alisikia.

Shida ilianzia mezani. Asubuhi niliamka nikakuta doa la kahawia katikati ya weupe ule, la chai kabisa. Nyumba yetu ina mtu mmoja anayetembea na kikombe huku anaangalia pembeni, naye ana umri wa miaka saba. Nikamwita.

"Nani kamwaga chai hapa?"

"Sijui, baba. Leo sijanywa chai."

Nikampa hotuba kuhusu ukweli. Ilikuwa hotuba ndefu na nzuri. Nilimweleza kwamba siudhiki na doa, naudhika na uongo. Alinisikiliza macho yamemtoka, kisha akaondoka akisugua pua. Nikapaka juu ya doa. Likazama. Kesho yake lilikuwa limerudi, kubwa zaidi, na limekuja na mwenzake.

Sasa hii ikawa dharau. Nikamwita tena, safari hii mbele ya mama yake. Binti akaapa. Mama yake akasema, "Baba watoto, mtoto hajakaribia hiyo meza." Mimi nikasema watoto ni wajanja. Nikapaka tena. Jioni hiyo shangazi yake alikuja kumchukua akalale kwake, na nilifurahi kimoyomoyo, maana sasa ukweli ungejitenga na uongo.

Asubuhi madoa yote mawili yalikuwepo, yamekolea.

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama. Tukaishia hapo.

Wakati huo ndipo baba mkwe alipopiga simu kusema yuko njiani, anapita kutusalimu. Siku yenyewe ilikuwa ya joto lile la mvua iliyokataa kunyesha, hewa nzito, kila kitu kina unyevunyevu. Akaingia na suruali yake nyeusi ya kutokea, iliyopigwa pasi mpaka mstari wake unaweza kukata karatasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Naona mmepaka rangi."

"Ndiyo baba. Karibu ukae."

Akakaa. Akaegemea. Alikuwa na habari nyingi za ndugu, na akazitoa moja moja bila haraka huku jua linampiga mgongoni kupitia dirishani. Mke wangu akaniita jikoni kwa sauti ya chini.

"Kabati halifunguki."

"Limefungwa na ufunguo?"

"Kabati hili halina ufunguo tangu tulipopewa."

Nikaenda mwenyewe. Nikavuta mlango kidogo, kwa adabu. Haukutikisika. Nikavuta kwa nguvu, kabati zima likanifuata na vyombo vyote ndani vikapiga kelele. Droo nazo, hivyo hivyo. Humo ndimo zilimokuwa sahani zote za wageni, bilauri, vijiko, na kwa sababu maisha yana kejeli zake, humo humo ndimo zilimokuwa bisibisi zangu.

"Kwema huko?" baba mkwe akauliza kutoka sebuleni.

"Kwema baba! Tunapanga vyombo."

Nikachukua kisu cha mezani kilichokuwa kimebaki kwenye karai. Nikakichomeka kati ya mlango na fremu, nikakipitisha taratibu kuanzia juu. Mke wangu alikuwa ameshika kabati upande wa pili, ananitazama usoni kwa namna ambayo sitaieleza. Nilipofika katikati nikaona kazi inachelewa. Nikaweka mguu mmoja kwenye kabati, nikavuta kwa mikono miwili.

CHRRRAAAP!

Mlango ukafunguka. Rangi ya fremu ilikuja na mlango, na rangi ya mlango ilibaki na fremu. Zilibadilishana kama watu waliochukua viatu vya wenzao mlangoni. Sahani moja ikatoka kuona kuna nini, ikafika sakafuni.

"Nini hicho?"

"Panya, baba!"

Mke wangu akanong'ona, "Sasa tuna na panya?"

Baba mkwe ni mtu wa msaada. Aliposikia panya alishika mikono ya kiti akanyanyuka aje kutusaidia, na kiti kikanyanyuka naye. Kilimsindikiza hatua moja, kikaning'inia kidogo nyuma yake, kisha kikaachia na kuanguka kwa kishindo. Nilifika mlangoni kwa wakati wa kuona kila kitu. Nyuma ya suruali ile nyeusi kulikuwa na ngozi nzima ya rangi ya maziwa, imetoka bila kuchanika, na mistari ya mbao za kiti imo. Na juu ya kiti, vanishi ya zamani ilikuwa imetokeza upya, inang'aa kuliko siku iliponunuliwa, katika umbo ambalo heshima kwa wakwe hainiruhusu kulieleza.

Hakuna aliyesema kitu. Baba mkwe alijipapasa nyuma, akavuta ile ngozi ya rangi, ikaja kipande kizima, akaiinua kwenye mwanga akaitazama pande zote mbili. Halafu macho yake yakahama. Yakafika kwenye kabati.

"Hili si ndilo kabati langu?"

"Ndilo, baba."

"Lilikuwa mahogani."

Ni lile "lilikuwa" lililoniumiza.

Hakugomba. Alimpigia simu rafiki yake, seremala mstaafu, mzee mwenye penseli sikioni hata kama hana kazi yoyote. Mzee alifika, akazunguka sebule yangu mikono nyuma kama daktari mkuu wodini. Akakwaruza mguu wa kiti kwa ukucha, rangi ikainuka. Akanusa meza. Ndipo akaniuliza, kwa upole unaotisha, "Msasa ulipiga namba ngapi, bwana?"

Nikamwambia nilifuta vumbi.

"Vanishi ya mafuta ni kama kioo," akasema. "Rangi ya maji haina pa kushika. Unakwaruza kwanza kwa msasa namba 120, unamalizia na 220, ukifuata mkondo wa mbao, unafuta vumbi, unapiga praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Wewe umeivalisha mbao soksi."

Kuhusu kabati alikuwa na maelezo mazuri zaidi, na nakiri yalinivutia. Alisema rangi ya maji ni punje ndogondogo za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, punje zinasogeleana na kukumbatiana mpaka zinakuwa utando mmoja. Kidole kinasema imekauka baada ya saa moja au mbili, lakini ndani zile punje bado zinakumbatiana, na kukomaa kabisa kunaweza kuchukua hadi siku 30. Ukifunga mlango kabla ya hapo, punje za mlango zinakutana na punje za fremu, na hakuna aliyeziambia kwamba hawa ni wageni. Zaidi ya hapo, rangi nyingi za ukutani zimetengenezwa zibaki na ulaini kidogo, ili ukuta ukitanuka na kusinyaa zisipasuke. Siku ya joto na unyevu, na mtu mzima akiwa amekaa juu yake, ulaini huo unakuwa gundi.

"Ukuta haukaliwi," akasema. "Haufunguliwi. Hauwekewi chungu cha moto. Rangi yake haijazoea kazi."

Nikasema kwa hiyo tumekubaliana kwamba rangi ni nzuri. Akanitazama, akaendelea.

Mezani aliinama muda mrefu. Binti yangu alikuwa amesogea, amesimama nyuma ya babu yake, anasubiri. Mzee akagonga lile doa kwa penseli.

"Hii ni mbao inatoka jasho. Mahogani ina tanini nyingi, kemikali ya asili inayoacha rangi ya kahawia. Vanishi ilikuwa imelika hapa juu, mbao iko wazi, rangi yako ina maji. Maji yameyeyusha tanini yakapanda nayo. Ungepaka mpaka ndoo iishe, lingerudi."

"Si chai?" binti akauliza.

"Chai? Nani kasema chai?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Watu watatu wa ukoo mmoja walinigeukia kwa pamoja, na mdogo wao ndiye aliyekuwa na macho makali zaidi.

Nikauliza haraka hilo doa linazuiwaje. Mzee akasema kwa praima ya sheleki, na sheleki hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, na utomvu huo huyeyushwa kwa spiriti. Kwa kuwa hauna maji, tanini haipati usafiri. Mke wangu akasema ni sawa kabisa, kumbe kazi iliyonishinda mimi inawezwa na mdudu.

Kubandua hakukuwa na taabu. Watoto waliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sijawahi kuiona wakifanya kazi nyingine; walikuwa wanashindana nani atoe kipande kirefu. Hapa naomba niweke jambo sawa: kama ningepiga msasa siku ile, rangi ingeshika, na tungekesha tunakwangua. Hili nimelisema, na halijapokelewa vizuri.

Kabati lilirudishiwa vanishi yake chini ya usimamizi wa baba mkwe, aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Viti na meza nilipewa nivipake upya, kwa masharti: msasa, praima, mikono myembamba, saa 4 au zaidi kati ya mkono na mkono, rangi ya mbao na si ile ya ndoo, na vikae bila kukaliwa mpaka mzee aruhusu. Muda wote huo tulikuwa tunakula kwenye mkeka, tunavitazama.

Msamaha binti yangu aliudai mbele ya mashahidi. Alitaka pia hotuba, ndefu, kuhusu kusingizia watu, na akaniambia nisimame wakati wa kuitoa.

Juzi nimerudi nyumbani nikakuta meza, ile mpya, nyeupe, iliyopigwa sheleki na kila kitu, ina dimbwi la kahawia katikati, bado linatoa mvuke, na kando yake kikombe kimelala ubavu. Binti yuko kwenye kochi na kitabu chake. Nikauliza nini hiki.

Hakuinua hata uso.

"Tanini, baba."