Bastola kuukuu ya .22 ikikwama, tupa ya kusugulia chuma ibaki kabatini

Huku Marekani bastola za zamani za .22, yaani za mtutu mwembamba wa inchi 0.22 hivi, ni nyingi madukani na kwenye minada ya vitu vya marehemu. Nikiishika moja, kitu cha kwanza kuangalia ni ule mteremko mdogo unaoiongoza risasi kutoka kwenye magazini, kile kibweta cha risasi, kuingia chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Nikiukuta unameremeta kuliko sehemu nyingine zote, najua kuna mtu ameshapita hapo na msasa. Bastola ilimkwamia, akaamua chuma ndicho chenye kosa, akakisugua. Kisha ikaendelea kukwama, akaiuza.

Mimi nashikilia kwamba bastola za aina hii zikikwama, pa kuanzia ni uchafu, risasi na magazini. Chuma chenyewe ni mshukiwa wa mwisho, tena kinahukumiwa na fundi mwenye kipimo mkononi.

Tuanze na risasi, maana nusu ya ugomvi imo humo. Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa na kampuni ya Stevens mwaka 1887, kabla bastola zinazojipakia zenyewe hazijashika soko. Haikuundwa kwa ajili yake. Kitako chake kina ukingo uliotokeza, na baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo huohuo. Kichwa chake kina unene sawa na ganda, kwa hiyo kilainisho hakifichiki ndani. Kinapakwa nje, nta au grisi. Kila mlio unaacha nta iliyoungua, masizi na vumbi la madini ya risasi. Mabaki hayo yakiganda ndani ya chemba, risasi mpya haifiki mwisho, na ganda lililokwisha kufyatuliwa linang'ang'ania. Brashi ya shaba ya kipimo chake, dawa ya kusafishia na subira vimefufua bastola nyingi zilizokwisha kutangazwa mbovu.

Sehemu inayosingiziwa kuliko zote ni kulabu, ile ndoana ndogo inayoshika ukingo wa ganda, iliyo ubavuni mwa bolti, yaani chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuifunga na kuifungua chemba. Ganda likibaki ndani tu, mtu anaagiza kulabu mpya. Lakini chukua Colt Woodsman iliyoanza kuuzwa 1915, au Ruger Standard ya 1949: bolti haifungwi na chochote wakati wa mlio. Inazuiwa na uzito wake na springi, basi. Mgandamizo wa gesi unalisukuma ganda nyuma, na ganda ndilo linaloisukuma bolti. Kazi kubwa ya kulabu hapo ni kulibana ganda usoni mwa bolti mpaka likutane na chuma kinacholitema nje. Kazi yake nyingine ni kuitoa risasi nzima unapopakua.

Kwa hiyo sikiliza bastola inasema nini. Maganda yakitoka vizuri wakati wa kupiga, lakini risasi nzima ikabaki ndani unapovuta bolti kwa mkono, hapo kweli kulabu imechakaa, au springi yake imechoka, au kuna uchafu chini yake. Ganda likikwama hadi ulisukume kwa ufito kutoka mdomo wa mtutu, itazame chemba kwanza. Na likisimama wima katikati ya njia ya kutokea, mara nyingi bolti haikurudi nyuma vya kutosha: oili nzito iliyoganda, risasi dhaifu, au mkono uliolegea. Kulabu inayoachia mapema huleta hali hiyohiyo, ila mimi huisafisha kabla ya kuinunulia mwenzake.

Kuna ugonjwa mmoja wa chemba ambao brashi haiutibu. Bastola ya .22 ikifyatuliwa mara kwa mara bila risasi, pini ya kufyatulia inaweza kugonga ukingo wa chemba, pale kitako cha ganda kinapokaa, na kusukuma chuma kikaingia ndani. Kovu hilo linazuia kuingia na kutoka. Ruger waliweka kijipini ndani ya bolti cha kuizuia pini isifike huko. Anayefungua bastola akasahau kukirudisha, atalijua kovu. Fundi ana kifaa laini cha kurudisha chuma mahali pake bila kukipunguza. Tupa ingeipanua chemba, na ganda la .22 ni jembamba: likikosa egemeo, linapasuka.

Risasi zenyewe nazo zina makabila yake. Woodsman zilizotengenezwa kabla ya 1932 hivi zilikusudiwa risasi za kasi ya kawaida. Zile za kasi kubwa zinaitwanga bastola. Tazama mgongo wa mpini: wenye miraba midogomidogo ni wa zamani, wenye mistari ya kulala ulikuja na springi imara zaidi. Kinyume chake pia hutokea. Mwenye bastola aliyebandika springi ngumu atalalamika kwamba risasi tulivu za shabaha haziirudishi bolti. Nunua aina kadhaa, boksi mojamoja, uandike ipi inapita na ipi inakwama. Ni kazi ya kuchosha, lakini hela unayotoa hapo haifikii ya fundi.

Magazini ndiyo inayonipa taabu kuliko vyote, na ndiyo watu huiacha hadi mwisho. Ziwekee magazini zako alama. Kama kukwama kunafuata magazini moja popote uendapo, mkosaji umempata. Risasi inayoinamisha pua na kujigonga chini ya mteremko inakuonyesha springi iliyochoka, au sahani ya kusukumia inayokwaruza kwenye uchafu. Inayochomoka mapema na kuelekeza pua juu inakuonyesha midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoishikilia risasi, iliyopanuka. Bastola za zamani za kampuni ya High Standard zinajulikana kwa kudeka juu ya midomo hiyo. Mabadiliko yasiyoonekana kwa jicho yanatosha kuzigomesha. Kuna wanaoikunja kwa koleo. Mimi sikatazi, mradi uwe na magazini nyingine ya akiba, na ukunje kidogo mno. Angalia pia unavyopakia: ukingo wa risasi ya juu ukinasa nyuma ya ukingo wa iliyo chini yake, hakuna springi itakayokuokoa.

Na risasi nzima ikikwama, toa magazini, mtutu uelekee mahali salama, vidole mbali na triga. Usichokoe kitako chake kwa bisibisi. Kiwashio kimo ukingoni, palepale unapotaka kuchokoa. Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, acha kupiga, pakua, uchungulie kama kichwa hakijabaki ndani ya mtutu.

Kwa nini basi bastola hizi hukaa chafu miaka na miaka? Kwa Ruger sababu naijua: kuifungua ni rahisi, kuirudisha ni kesi. Kampuni yenyewe ilikuja kutoa Mark IV mwaka 2016, inayofunguka kwa kitufe kimoja. Mwenye ile ya 1949 inabidi aielewe nyundo yake. Nyundo iwe imelala mbele unapoingiza kipande cha mgongo wa mpini, halafu uinamishe bastola ili kijiti kinachoning'inia nyuma ya nyundo kitue juu ya springi iliyo ndani ya kipande hicho, ndipo ufunge. Kijiti kikikaa kando, bolti haitarudi hadi mwisho hata uivute kwa nguvu zote, na mwenye bastola safi kabisa ataipeleka kwa fundi akisema imekwama.